Januari inaanzia kwenye mnada wa kwanza

Hotuba hii niliitoa kwa wazazi na walezi wa kata yetu hapa Newala, mwanzoni mwa msimu wa korosho, kwenye uwanja ulio mbele ya ghala la ushirika. Wengi hawakufika, walikuwa mashambani wakiokota, na wengine walikuwa kwenye foleni ya benki. Wameniomba niiandike yote, nami nimeiacha kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, walimu wenzangu, makungwi wetu wa unyago mliokaa pale kivulini, wazee wangu, mama zangu, wajomba: shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Najua korosho zimelala chini ya mikorosho zinawasubiri, kwa hiyo sitawaweka muda mrefu. Lakini nililokuja nalo ni zito, na naomba masikio yenu.

Nianze na swali. Kati yenu hapa, nani anapuliza salfa mwezi wa kumi na mbili? Nyoosheni mikono niwaone. Hakuna hata mmoja. Salfa tunapuliza mikorosho inapochipua na kutoa maua, mwezi wa tano, wa sita, wa saba, kwa sababu ugonjwa wa ubwiri unga hausubiri mtu apate nafasi. Mtoto mdogo wa hapa Newala analijua hilo. Basi mbona shule tunaianza Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi kengele inalia?

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi, hapa Newala na kule Tandahimba, mpaka nikastaafu. Kila Januari mambo yalikuwa yaleyale. Siku ya kufungua shule, darasa nusu. Wiki ya pili wanaongezeka kidogo. Wengine wanaingia Februari. Ukimuuliza mtoto alikuwa wapi, anakwambia fundi hajamaliza sare. Mwingine anakwambia baba anasubiri malipo ya mnada wa mwisho wa korosho. Mwingine alikuwa shambani na wazazi, anaamia nguruwe na nyani.

Ndugu zangu, mnajua mwalimu wa darasa la kwanza anafanya nini katika wiki hizo tatu? Anamfundisha mtoto kushika penseli. Anamfundisha a, e, i, o, u. Anamfundisha kukaa, kusikiliza, kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtoto anayeingia Februari anawakuta wenzake wanasoma ba, be, bi, bo, bu kwa sauti moja, na yeye hajui hata daftari linafunguliwa upande gani. Anakwenda kukaa nyuma. Wengi niliowaona wakikaa nyuma Februari, niliwakuta hukohuko nyuma Novemba.

Sasa tuzungumze pesa, maana ndiyo inayosemwa kwanza.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na mwaka 2022 ikafika mpaka kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa, na sisi tuliofundisha kabla ya hapo tunajua watoto wangapi walikuwa wanarudishwa nyumbani. Lakini ada ni ada. Sare haimo humo. Viatu havimo. Madaftari hayamo. Uji wa shuleni, ambao wazazi tunachangia kwa makubaliano yetu, haumo. Hayo yote yanamsubiri mzazi, na yanamsubiri mwezi uleule mmoja.

Na sisi watu wa korosho tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: pesa yetu kubwa inakuja Oktoba, Novemba, Desemba, kabla shule haijafunguliwa. Msimu wa 2024/2025 bei mnadani zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mliziona wenyewe. Hivi inakuwaje mtu aliyepokea pesa Novemba, Januari anakwenda kuazima viatu vya mtoto?

Nitawaambia inavyokuwa, maana nimeishi nayo jirani. Kuna baba mmoja, mchapakazi kweli, shamba lake safi. Mwezi wa nane mfuko umekauka. Anakuja mtu na kangomba yake, kipimo cha wanaonunua korosho nje ya ushirika. Baba yule anapima korosho ambazo bado hazijadondoka, anachukua pesa ya haraka kwa bei ya kutupa. Mwezi wa tisa anarudia. Mnada unafika, majirani wanakwenda benki, yeye mzigo wake una mwenyewe tayari. Januari mwanawe wa darasa la pili akaja shule na ndala, kashika daftari moja lililoandikwa nusu mwaka uliopita. Yule mtoto alikuwa anageuza daftari, anaanzia nyuma, ili nisione kwamba ni la zamani. Kangomba inakula viatu vya watoto wetu. Nilisema hivi nikiwa kazini, na leo narudia mbele ya viongozi wa ushirika: anayehitaji pesa mwezi wa nane aje aseme, tushauriane, kabla hajampa mtu jasho la mwaka mzima.

Sasa sikilizeni habari ya mama mmoja mjane, naye yupo kijiji cha jirani. Mikorosho yake ni michache, magunia yake unayahesabu kwa vidole. Alijiwekea sharti moja: pesa ya mnada wa kwanza ni ya watoto. Ikitoka benki haifiki nyumbani. Inapita duka la vitambaa, inapita kwa fundi, inapita kwa muuza viatu, ikibaki ndiyo inakwenda nyumbani. Nilipomuuliza sababu, akanijibu kwamba pesa ikishalala nyumbani usiku mmoja, haina mwenyewe tena. Novemba fundi hana foleni. Anashona kwa utulivu, anaacha pindo refu kwenye sketi na kaptula, mtoto akirefuka linateremshwa. Januari fundi huyohuyo ana rundo la vitambaa mpaka mlangoni, anashona usiku kwa taa, sare inatoka mguu mmoja mrefu mwingine mfupi, na bei imepanda. Ni fundi yuleyule na kitambaa kilekile.

Mnada wa kwanza ni wa watoto. Semeni nami: mnada wa kwanza ni wa watoto. Ya mnada wa pili na wa tatu fanyeni yenu, ezekeni bati, nunueni pikipiki, lipeni madeni. Huo wa kwanza tuwaachieni wao.

Na wajomba, msijifiche nyuma ya nguzo. Sisi Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, mtoto tunamhesabu upande wa mama. Mjomba ana neno kwenye unyago wa mpwawe. Mjomba ana neno kwenye ndoa yake. Asipoitwa, shughuli inasimama. Vizuri sana, ndiyo mila yetu na mimi naipenda. Basi mjomba awe na neno kwenye madaftari pia. Kaunta buku za kidato cha kwanza ni nyingi, kila somo na lake, na baba peke yake zinamwelemea. Mjomba anayechangia beberu la unyago hawezi kushindwa kaunta buku tatu.

Nimeutaja unyago, na hapo ndipo nataka kukaa kidogo. Sikuja kuubeza. Mimi mwenyewe nimechezwa, na mafunzo mengi niliyoyapata kule ya usafi na ya heshima ninayo hadi leo. Ila watoto wetu wengi wanachezwa likizo, na hiyo ya Desemba ndiyo ndefu, nayo imepakana na shule. Mtoto anatoka kwa ngoma na vigelegele, anatuzwa pesa na khanga, anaambiwa umekua. Wiki moja baadaye anakaa kwenye dawati la darasa la nne. Nani amemsaidia kuunganisha mambo hayo mawili?

Nilikuwa na binti mmoja darasani, mwepesi kuliko wote. Swali halijaisha mkono wake uko juu, mpaka nilikuwa namwambia subiri na wenzako. Desemba akachezwa. Januari akarudi, amenenepa, amependeza, amesukwa. Nikauliza swali la kwanza, mkono haupo. La pili, mkono haupo. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Nikadhani anaumwa. Nikamuita pembeni, nikamketisha, nikambembeleza. Akaniambia, huku anatazama chini: Mwalimu, nimefundishwa kwamba mtu mkubwa haropoki mbele za watu.

Mmeona? Mafunzo yenyewe si mabaya. Ni adabu, na adabu tunaitaka. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba darasani kujibu ndiko adabu yenyewe. Nikaenda kwa kungwi wake. Sikwenda kumlaumu, nilikwenda kama mtu na dada yake, tukakaa mkekani tukala ming'oko, nikamweleza. Yule mama alisikitika kweli. Akasema hakukusudia darasani, alikusudia mbele ya wakwe na wageni. Tangu siku hiyo akaongeza maneno kwenye mafunzo yake: anawaambia wali, yaani watoto wanaochezwa, kwamba mwalimu ni mzazi, akiuliza ajibiwe kwa sauti. Na akafanya jingine ambalo nawaomba makungwi na manyakanga wote mlifanye: aliwatoa wali wake mapema, mwaka mpya ukawakuta nyumbani. Wakapata siku za kulala, za kupumzika, za kurudi kuwa watoto kabla shule haijafungua.

Kwa hiyo makungwi wangu, naomba mambo matatu. Wali watoke mapema. Waambieni kwamba ukubwa unaanza na kusoma. Na waambieni kwa maneno yasiyo na fumbo kwamba binti aliyechezwa bado ni mtoto, hajawa mke wa mtu. Wanaume mliopo hapa nanyi msikie: Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inampa miaka 30 jela anayemuoa au anayempa mimba mwanafunzi. Kulimaliza jambo hilo barazani kwa mbuzi na pesa ni kumuuza mtoto, na mimi sitaliita jina jingine.

Na kama binti alishapata mtoto? Ninawajua waliopo ndani, wanafichwa kama vile maisha yameisha. Hayajaisha. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu arudi shule, kama unavyowaruhusu wengine walioacha masomo kwa sababu mbalimbali. Bibi yupo, shangazi yupo, mjukuu atalelewa. Mpelekeni mama yake shule.

Sasa nije kwa watoto wa darasa la saba. Hawa nawaogopea kuliko wote. Mtoto anamaliza mtihani Septemba, uchaguzi wa kidato cha kwanza kwa kawaida unatangazwa Desemba, shule inafunguliwa Januari. Hesabuni wenyewe hiyo miezi. Miezi yote hiyo mtoto wa miaka kumi na mitatu hana shule, hana kazi, hana anayemuuliza. Wa kiume anaingia kwenye bodaboda au anakwenda kubeba magunia ghalani, anaishika pesa, na pesa ni tamu. Wa kike anakuja mtu mwenye maneno mazuri kutoka Dar es Salaam: nipeni huyu mtoto akanisaidie kazi za nyumbani, miezi mitatu tu, nitamrudisha na begi lake.

Kuna mzazi mmoja alikubali. Mtoto akapanda basi. Desemba majina yakabandikwa, jina la yule binti lipo. Baba akapiga simu, haipokelewi. Akapiga tena, akaambiwa nauli imekuwa tatizo, avumilie. Januari ikapita. Machi ikapita. Kiti chake kilikaa wazi mpaka shule ikaacha kumsubiri. Alirudi, ndiyo, lakini alirudi akiwa hataki tena kusikia habari ya shule. Ndugu zangu, usimtoe mtoto wa darasa la saba nje ya macho yako kabla majina hayajatoka. Usimtoe. Mwache aokote korosho na wewe, alipwe hata kidogo, naye ajinunulie mkebe na kalamu zake. Atavitunza kuliko ulivyomnunulia wewe.

Na miezi hiyo ina kazi. Msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari atakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Nimewaona watoto waliofaulu vizuri kabisa wakikaa kidato cha kwanza kama wageni kwenye msiba wa watu wasiowajua. Kila kijiji hapa kina kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita. Mkalieni. Wazazi watano mkimchangia kitu, akae na watoto jioni chini ya mkorosho, awasomeshe maneno ya Kiingereza ya hisabati, ya sayansi, ya jiografia, Januari hawatashtuka.

Halafu swali la wapi atalala. Shule ya kata iko mbali, hosteli hakuna au zimejaa, mzazi anasema atapanga geto. Msichana wa miaka kumi na minne, chumba cha pekee, mlango wa komeo la mti, unga kilo tano. Anayebisha hodi usiku si mwalimu wa hisabati. Mimi nasema wazi: geto kwa mtoto wa kidato cha kwanza hapana. Tafuteni ndugu. Ndugu akikosekana, tafuteni familia ya mtu wa dini, mtu wa ushirika, yeyote anayejulikana, mpeleke gunia la muhogo mkubaliane. Desemba ndiyo ya kuzunguka kutafuta, maana Januari kila mlango una mtoto tayari.

Kuna jambo jipya ambalo wengi hamjaambiwa. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi sasa ni miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita 2027, pamoja na wale wa darasa la saba. Kwa hiyo kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea watoto wa madarasa mawili kwa mpigo. Mwenye mtoto huko ajue mapema, hasa mwenye wawili waliopishana mwaka mmoja. Mnada wenu wa kwanza wa 2027 utakuwa na kazi kubwa.

Cheti cha kuzaliwa nisikirefushe: kitafutwe sasa. Aliye chini ya miaka mitano anasajiliwa bila malipo, ofisi ya kata au kituo cha afya. Wanaoingia awali wana miaka mitano, darasa la kwanza sita. Kisikungojee mpaka siku ya kuandikisha.

La mwisho, na ndilo lisilohitaji pesa nyingi. Mtazameni mtoto mwenyewe. Tunatazama sare, tunatazama viatu, mtoto aliye ndani yake hatumtazami.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la pili ambaye wote walimwita mzito. Nyumbani mzito, shuleni mzito. Alikuwa anaandika vizuri, herufi zimekaa sawa, lakini majibu yake kila siku yalikuwa ya mwenzake anayekaa kushoto. Siku moja nakusanya madaftari, nakuta jina la yule mwenzake juu ya kazi ya huyu. Alinakili kila kitu, na jina akanakili. Nikaelewa kwamba hakuwa anaiba. Alikuwa haoni ubao. Alikuwa anaona daftari la jirani tu, akadhani ndivyo watu wote wanavyosoma. Tulimwita mama yake, akampeleka hospitali ya wilaya kitengo cha macho, akapata miwani. Miaka miwili yote alikuwa anaitwa mzito!

Kabla shule haijafungua, msimamishe mtoto mbali na kibao cha ghala hili, mwambie asome herufi moja moja. Asiyejua kusoma akuchoree umbo lake kwa kidole. Msemeshe kwa sauti ndogo akiwa amekupa mgongo, uone kama anasikia. Ukiwa na shaka, hospitali. Likizo ndiyo nafasi, shule ikianza hakuna atakayempeleka.

Wiki mbili kabla ya kufungua, mrudisheni kwenye saa za shule. Desemba watoto wetu wanakesha kwenye ngoma na video, wanaamka jua la saa nne. Huwezi kumgeuza usiku mmoja. Na usiku alale ndani ya chandarua. Vile vyandarua vinavyogawiwa shuleni vilianzia kwetu huku kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, mwaka 2013. Januari ni mvua, mbu wamejaa, na mimi napita nakiona chandarua kimefunika mchicha bustanini. Mchicha hauugui malaria, jamani. Mrudishieni mtoto.

Wanaohamia mashambani kupalilia, msimbebe mwanafunzi. Naelewa nyumba kubaki tupu ni tatizo. Kaeni kwa zamu: wiki hii bibi abaki na watoto wa nyumba tatu, wiki ijayo shangazi. Kuna kitongoji cha hapa wameshaanza, na mwalimu mkuu amethibitisha mbele yenu kwamba watoto wao wanakuja kila siku. Na kazi ya maji ipunguzwe asubuhi. Sisi wa juu huku tunajua shida ya maji, bibi zetu waliteremka bondeni usiku wa manane kuyafuata. Lakini mvua za Januari zinatupa maji kwenye bati. Tegeni mapipa, mtoto aende shule bila kuwa amebeba ndoo mbili kwanza.

Na zungumzeni naye. Yule anayeingia darasa la kwanza mpelekeni siku moja kabla, mkiwa wawili tu, mwonyeshe mlango wa darasa lake, mwonyeshe choo, mwonyeshe bomba. Msimtishe kwamba utakwenda kukutana na fimbo. Watoto wengi waliokuwa wananililia siku ya kwanza, waliogopeshwa na watu wa nyumbani kwao.

Nimemaliza. Katibu wa AMCOS amekubali kwamba wanaotaka kutenga pesa ya mnada wa kwanza waandikishe majina kwake leo, na fundi wetu yuko pale mlangoni na futi yake, amepunguza bei ya kushona kwa atakayeleta kitambaa kabla Novemba haijaisha. Wenye watoto wa darasa la saba tubaki kidogo. Walimu wawili wa sekondari wamekuja kueleza fomu ya kujiunga, kipi ni lazima na kipi kinaweza kungoja. Wajomba nanyi mbaki.

Asanteni sana.